Pikapu Isiyotiwa Nta

Kuna watu wakinisikia nasema gitaa la marehemu baba lilikuwa na sauti yake peke yake, wananitazama kwa huruma. Gitaa ni gitaa, wananiambia. Zamani nilikuwa nawajibu, tena kwa ukali, maana mdomo wangu haujui kusubiri. Siku hizi nawaacha. Wengi wao hawajawahi kusimama mbele ya gitaa lililofunguliwa sauti mpaka mwisho. Wamesikia la redioni na la kijana wa jirani anayejifunza, na kwa sauti ndogo kiasi hicho hata mimi siwezi kukwambia lipi ni lipi.

Naitwa Waridi binti Twaha. Siku za kazi ninauza viatu vya mitumba pale Mchikichini, na mwisho wa wiki napiga gitaa la solo katika bendi ya Kitumbini Sound. Nafasi hiyo aliishika baba kabla yangu. Alipofariki, kiongozi wa bendi, Tarsis, alikuja nyumbani kwetu Mchafukoge, akapanda ngazi zote mpaka gorofa ya tatu akihema, akaniambia hataki mpiga solo mwingine. Anataka mimi nije na gitaa lile. Nilijua kabisa kwamba kwanza alitaka gitaa, mimi nilikuja nalo. Sikununa. Hata mimi nisingejitaka bila lile gitaa.

Cha ajabu kilichokuwamo ni pikapu moja. Pikapu, kwa asiyejua, ni kile kibati kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme. Ndani yake kuna sumaku, na sumaku imezungushiwa waya mwembamba kuliko unywele, mzunguko juu ya mzunguko. Ukigusa uzi, pikapu inasikia mtikisiko wake na kuupeleka kwenye spika. Ndiyo sikio la gitaa.

Gitaa la baba lilikuwa na pikapu mbili, na ile ya nyuma ilikufa enzi ambazo kipuri cha gitaa Dar es Salaam kilikuwa hadithi. Baba hakukaa kulia. Alifungua simu mbovu ya mezani, akatoa waya wake, kisha akamwomba mama ampishe kwenye cherehani. Mama akakataa kupisha. Cherehani ilikuwa yake na hakutaka mtu mwingine aiguse, kwa hiyo akakaa yeye mwenyewe kwenye kiti. Baba akafunga kigurudumu cha pikapu, kile kinachozungushiwa waya, kwenye gurudumu la cherehani, mama akakanyaga pedeli polepole, na baba akauongoza waya kwa vidole viwili mpaka ukaisha. Mwisho wakaufunga kwa uzi mwekundu wa mama wa kushonea. Hadithi hiyo nimeisikia toka utotoni na kila mmoja wao alikuwa anaisimulia tofauti, ila uzi mwekundu ulikuwamo siku zote.

Kilichobaki kilikuwa kuchovya pikapu kwenye nta iliyoyeyushwa, ili ule waya ushikamane na usitikisike. Baba akaomba mishumaa. Mama akamnyima. Umeme wa siku hizo ulikuwa wa kubahatisha, na alimuuliza ukikatika usiku kama atamwashia hiyo pikapu. Basi baba akaifunga kavukavu, bila nta, akidhani ataitoa baadaye. Hakuitoa tena maisha yake yote.

Maana pikapu ile ilikuwa na tabia. Ukiipiga kwa sauti ya chini, namba mbili au tatu, ilikuwa pikapu tu, nyembamba kidogo, ya kawaida. Ukipandisha mpaka katikati, ilianza kunenepa, noti za juu zikapata kama mkwaruzo wa mtu aliyeamka sasa hivi. Ukifungua karibu na mwisho, ukageuka ukatazamana na spika, ule waya usio na nta ulianza kutikisika wenyewe. Hapo noti moja uliyoigusa ilikuwa haifi. Ilisimama, ikapanda, ikalia, na ikaendelea kulia mpaka wewe uamue kuizima kwa kiganja. Watu wa dansi wakaita kilio cha Twaha. Walikuwa wakija kutoka Temeke na Magomeni kusubiri sekunde zile tu, noti za pesa mkononi, tayari kumbandika baba kwenye paji la uso.

Mama peke yake hakuwahi kukisikia. Mama yangu, Bi Mgeni, hajakanyaga ukumbi wa dansi toka azaliwe. Kwao watu wa pwani wa heshima, mwanamke wa mjini aliyeolewa hakai mahali pa pombe, na baba alimwalika kila Jumamosi na kila Jumamosi akakataa. Nyumbani baba alipiga namba mbili kwa ajili ya majirani. Kwa hiyo gitaa alilolijua mama ni lile la namba mbili.

Mama hakupenda nipige. Hakuficha. Alisema muziki ulimchukua mume wake kila mwisho wa wiki na sasa unamchukua binti yake, tena binti aliyekataa wachumba wawili. Lakini baba alipokuwa mahututi alimshika mkono mbele yangu, akamwomba asinikataze. Mama akaitikia. Na kweli, hakunikataza. Nilimheshimu kwa hilo, naomba lieleweke, nilimheshimu sana.

Nyumba yetu ina desturi. Ikifika Ramadhani bendi zinafunga, na siku ya vunja jungu tunapiga mara ya mwisho. Baba alikuwa akirudi kutoka huko anamkabidhi mama gitaa. Mama analifunga kwenye kanga, analisukuma chini ya kitanda chake, na baba haligusi mwezi mzima, hata kwa kulifuta vumbi. Mwezi wa Idi ukiandama, mama analitoa na kumkabidhi. Ilikuwa amana. Baba alisema bila hivyo angefunga tumbo huku vidole vinakula. Mimi nikarithi gitaa pamoja na desturi yake, na mwaka huu pia nilimkabidhi mama mkononi, nikaenda zangu kwenye viatu vyangu.

Sasa nimtaje Jovin. Wazazi wake ni watu wa Rombo, wana duka la jumla la vyombo vya plastiki pale Kariakoo, na kwa miaka yote waliishi gorofa ya pili, chini yetu. Jovin alikuwa anapanda juu kumsikiliza baba kabla mimi sijafikisha urefu wa kushika gitaa. Baba alimfundisha kila kitu. Mama yangu kwake alikuwa mama, na baba alikuwa mzee. Siku ya mazishi, Mkristo yule alivaa kofia, akabeba jeneza zamu yake, akasimama pembeni wakati wa swala na uso umelowa. Kwenye bendi alipiga ridhimu, hatua mbili kutoka mkono wangu wa kushoto. Nikikohoa alijua nataka kubadilisha wimbo. Kama ungeniuliza nani ndugu yangu, ningekutajia Jovin kabla ya watoto wa shangazi.

Mwezi ulipoandama, mama alitoa gitaa chini ya kitanda, akafungua kanga, akanipa. Nikalichomeka kwenye kispika kidogo cha sebuleni, namba mbili kama kawaida ya nyumba, nikapiga vipande viwili vitatu. Lilikuwa lile lile. Mama alisimama mlangoni akinitazama.

"Liko sawa?" aliniuliza.

Hajawahi kuniuliza swali hilo. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Nilidhani mwezi mtukufu umemlainisha, nilidhani sasa ameanza kunielewa. Nikamjibu liko sawa kabisa, nikamshukuru kwa kulitunza, akarudi jikoni kumenya vitunguu vya pilau. Kila nikikumbuka shukrani ile natamani kuimeza upya.

Alasiri ya Idi Mosi tulikuwa na mpambano. Bendi mbili, jukwaa moja la wazi upande wa Ilala, sisi na Tandamti Jazi, zamu kwa zamu. Asubuhi tulifunga vyombo na kujaribu kwa sauti ndogo, kwa heshima ya watu waliokuwa wanatoka kuswali. Jovin hakuja. Alimtumia Tarsis ujumbe kwamba ana homa kali na hawezi kuinuka. Mimi nilimpigia, simu haikupokelewa, nikamwandikia pole na kumwambia nitampelekea pilau. Unaona nilivyokuwa.

Watu walijaa. Wengine walikuja na viatu mkononi kwa sababu ya tope la masika lililopanda kutoka Jangwani, wanawake wamevaa nguo mpya za sikukuu, watoto wamekamata maputo. Tulipiga nyimbo tatu, mambo yakaenda. Wa nne ulikuwa wimbo wa baba, ule ambao katikati yake bendi nzima inanyamaza na gitaa linabaki peke yake. Nikafungua volyumu mpaka karibu na mwisho, nikaigeukia spika, nikagusa ile noti.

Ikapaa, ikafa.

Nikadhani nimesimama vibaya. Nikasogea, nikagusa tena. Sauti ilikuwa kubwa, hilo sikatai, ilitoboa masikio, lakini ilikuwa ile ile ya namba mbili iliyopigiwa kelele. Haikunenepa, haikukwaruza, haikulia. Nikafungua mpaka mwisho kabisa nikapata mvumo wa spika tu. Mbele yangu watu walikuwa wameshatoa noti, mikono imeinuliwa. Nikaiona ikishuka mmojammoja. Mama mmoja mnene aliyekuwa ameshafika ngazi ya jukwaa aligeuka akarudi kukaa. Tarsis akaniokoa kwa kuingiza tarumbeta, tukamaliza wimbo, nikashuka nikiwa sijui mikono yangu ya nani.

Zamu ya Tandamti ikafika. Mtangazaji wao akasema wana zawadi ya Idi, wana mpiga solo mpya. Akatoka Jovin. Shati jeupe, gitaa jipya, homa hakuna. Bado nilimtafutia sababu. Nilijiambia kuhama bendi si dhambi, wanamuziki wanahama kila siku, labda aliona aibu kuniambia. Nilikuwa namtetea bado alipofungua volyumu na kugeukia spika.

Nilikisikia kabla hakijapanda. Ule mkwaruzo, ule unene, kisha noti ikasimama na haikufa. Ikalia. Kilio cha baba yangu kilitoka kwenye gitaa la mtu mwingine, upande wa pili wa jukwaa, na watu wakaruka vitini. Nitasema ukweli ingawa unaniuma: alikipiga vizuri. Alijua mahali pa kusimama, alijua lini akizime. Yule mama mnene alipanda ngazi safari hii, akambandika noti.

Nilikwenda nyuma ya jukwaa, nikatoa bisibisi kwenye begi, nikalegeza nyuzi nikaing'oa pikapu ya nyuma. Juu kulikuwa na kifuniko kile kile cha baba, ndiyo maana sikuiona mapema; chini yake ilikuwa ya plastiki nyeupe, safi, ya dukani, imelowekwa kwenye nta vizuri kiwandani. Risasi iliyounganisha nyaya ilikuwa bado inang'aa. Uzi mwekundu haukuwepo. Nilichuchumaa pale karibu na jenereta nikiwa nimekishika kile kidude, nikahesabu watu waliolishika gitaa langu tangu vunja jungu, na hesabu ile haikuhitaji vidole. Alikuwa mmoja tu, mama, na sikutaka kuamini.

Jovin aliposhuka nilimsubiri njiani. Sikupiga kelele. Watu wanaonijua watashangaa, lakini sauti haikuwepo. Nilimwonyesha ile pikapu nyeupe kwenye kiganja, nikamuuliza ameingiaje chumbani kwetu kuiba.

"Sikuiba, Waridi," alisema. "Nilipewa."

"Na nani?"

Akatazama tope. "Kamuulize mama."

Kisha akaanza kuniambia mambo mengine, kwa haraka, kana kwamba alikuwa ameyakariri. Kwamba mzee alimfundisha yeye kabla yangu. Kwamba miaka yote alisimama hatua mbili kutoka kwangu akijua kila noti ninayoipiga, na kila alipoomba solo aliambiwa mwachie mtoto wa Twaha. Kwamba mimi nilizaliwa na ile sauti na yeye aliihangaikia. Mkono wangu uliinuka kumzaba kibao, kweli uliinuka, kisha nikaona amefumba macho akiungojea, na nikajua kibao kingemrahisishia mambo. Nikaushusha, nikaondoka.

Nyumbani mama alikuwa anapasha pilau. Aliponiona na gitaa limelegea nyuzi, alizima jiko, akafuta mikono, akakaa.

Nilimuuliza kwa nini. Hakunizungusha, nampa haki yake. Alisema Jovin alikuja katikati ya mwezi mimi nikiwa Mchikichini. Alimwambia amepata bendi nyingine, na anachohitaji ni kile kidude kimoja tu, ataweka kingine kipya, na gitaa la mzee litabaki pale pale na rangi yake na nyuzi zake. Mama alikataa. Basi Jovin alichomoa simu yake mfukoni, akampa asikilize gitaa likiwa na pikapu ya zamani, alilolirekodi siku za nyuma, kisha akamwomba alitoe gitaa ajaribu tu, akakaa pale sebuleni akabadilisha pikapu mbele ya macho yake na kumpigia.

"Nilisikia kwa masikio yangu," mama alisema. "Hamna tofauti."

"Alipiga sauti gani?"

"Sauti ya hapa nyumbani. Alitaka apige sauti gani, Ramadhani?"

Hapo ndipo nilipomchukia Jovin kwa mara ya kwanza sawasawa. Kunyang'anya ni jambo moja. Yeye alijua, hakuna mtu aliyejua vizuri kuliko yeye, kwamba kwa namba mbili vitu vile viwili havitofautiani, na alimpigia mama yangu kwa namba mbili makusudi. Alimfanya aape kwa masikio yake mwenyewe.

Lakini mama hakuwa mtoto. Nilimuuliza kama haikuwa na tofauti, Jovin aliitakia nini.

"Aliniambia ukumbini ina raha yake," alisema. "Na kwamba wewe ukiikosa utachoka, utaliacha mwenyewe. Baba yako aliniomba nisikukataze, Waridi. Sijakukataza hata siku moja."

Alisema hivyo akiwa ameinua kidevu, kama mtu aliyerudisha amana kamili. Nililia hapo, kwa sauti, sikujali majirani. Jovin alinigeuka kwa sababu alikuwa na njaa ya kitu changu, na njaa naielewa. Mama alinizunguka huku akishika neno lake la ahadi, na kinachonitia uchungu zaidi ni kwamba aliniuliza liko sawa, na nilimshukuru.

Siku zilizofuata tuliishi humo ndani tukisalimiana tu. Asubuhi shikamoo, marahaba, basi. Alinipikia kila nilichopenda toka utotoni, nikala bila kumsifu. Tarsis aliniita, akanizungusha kwa maneno matamu, na mwisho wa maneno ilikuwa nipumzike kidogo, bendi itatafuta mpiga solo wa kushikiza. Alisema watu wameulizia. Sikumbishia. Nilikuwa nimetengwa na gitaa langu mkononi.

Jumapili ya pili baada ya Idi niliamka nimekata shauri. Tandamti walikuwa na bonanza la mchana pale pale Ilala. Nikamwambia mama avae tutoke. Alifurahi mpaka akakosea kufunga ushungi, akaufunga upya. Alidhani nimemsamehe, nadhani alidhani tunakwenda kwa shangazi. Tulipofika getini na kusikia ngoma alisimama.

"Waridi, mimi huku siingii."

"Leo utaingia, mama," nilimwambia. "Ulitoa kitu hujakisikia. Ukikisikia nitakurudisha nyumbani."

Sijui aliona nini usoni kwangu. Aliingia. Nikatafuta viti viwili vya plastiki katikati ya watu, akakaa ukingoni mwa chake, mkoba umebanwa mapajani, buibui amelikusanya lisiguse tope. Watu wakampisha kwa heshima. Jovin alikuwa jukwaani anapiga taratibu, nyimbo za kuanzia, sauti ya chini. Mama alisikiliza nyimbo mbili. Nikaona mabega yake yanashuka.

"Mbona ni lile lile la nyumbani?" aliniuliza, na katika sauti yake kulikuwa na tumaini.

 Wimbo wa tatu watu walianza kupiga makofi wakimtaka. Bendi ikanyamaza. Jovin akafungua volyumu, akaigeukia spika, akagusa noti.

Nilikuwa nimejipanga kumtazama Jovin. Nikajikuta namtazama mama. Kwanza aliruka, kwa ukubwa wa ile sauti. Kisha noti ikashika, ikaanza kupanda. Miguu yake, niliiona mimi, viatu vyake vyeusi vya sikukuu, ilianza kwenda juu na chini pale kwenye tope, polepole, kisigino na vidole, ikikanyaga pedeli ambayo haipo. Kilio kiliendelea. Machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika.

"Alikuwa anapiga hivi?" aliniuliza kilipozimwa.

"Kila Jumamosi."

"Mbona hakuniambia?"

"Alikualika, mama. Kila Jumamosi alikualika."

Aliinamisha kichwa. Nilidhani nitaona raha. Nilikuwa nimelisubiri jambo hilo wiki nzima, nimelilala na kuliamkia, na lilipofika lilikuwa chungu tu, halikunipunguzia hata kidogo. Akanishika kiganja cha mkono. Kiganja chake kilikuwa cha baridi.

"Twende tukamwambie airudishe," alisema.

"Wewe ndiye uliyempa."

Alinitazama kuona kama namtania. Alipoona sitanii aliachia mkono wangu. Akainuka, akaweka mkoba juu ya kiti, akaanza kwenda mbele.

Bendi ilikuwa imerudia wimbo na Jovin alikuwa anakipandisha kilio mara ya pili. Watu walipomwona mama mtu mzima wa buibui anapita katikati ya wachezaji, walidhani anakwenda kumtunza Jovin pesa. Wakamfungulia njia. Wakampigia vigelegele. Mtangazaji akasema jamani, mama zetu nao wamekuja, na kijana mmoja akamshika kiwiko kumpandisha ngazi za jukwaa. Jovin alikuwa amefumba macho. Aliposikia shangwe aliinamisha kichwa kama wanavyofanya wote, akatoa paji la uso kwa ajili ya noti.

Mama alinyoosha mkono. Haukuwa na noti. Aliugeuza kiganja juu, mtupu, akausimamisha hapo mbele ya uso wa Jovin.

Jovin alifumbua macho. Vigelegele vikapungua mpaka vikaisha. Kilio kilikuwa bado kinatoka kwenye spika chenyewe, hakuna aliyekigusa, na mama amesimama ndani yake mkono umenyooka. Jovin akarudi hatua moja nyuma. Akapeleka vidole kwenye volyumu, akapunguza, akapunguza tena, mpaka gitaa likawa na ile sauti ndogo ya sebuleni ambayo mama ameijua maisha yake yote, na kwa sauti hiyo akaendelea kupiga.

Mama hakushusha mkono. Nami sikuinuka kwenye kiti.